Sifuri Mbili za Shangazi Nasimiyu

Kitale, Jumapili, tarehe 12 Machi 2006

Shangazi,

Sikuwa mimi.

Naanza na jibu kwa sababu wewe hukuwavumilia watu wa kuzunguka. Mwanafunzi akianza maelezo marefu ubaoni ulikuwa unamwambia, "Tupe jibu kwanza, hadithi tutainywea chai." Basi jibu ni hilo. Aliyeharibu sura ya tatu ya tasnifu yako si mimi. Nimelibeba jambo hili miezi kumi na moja, tangu tulipokuzika Aprili mwaka jana, na Jumamosi ya juma lililopita huko Bungoma nililitua. Tangu siku hiyo nakula vizuri. Hata mwenye nyumba wangu ameniuliza kama nimepandishwa cheo.

Sijapandishwa. Bado ni yule yule msaidizi wa saveya, wa kubeba darubini, kushika tepu na kuchimba mashimo ya bikoni, zile alama za mpaka. Mwaka huu tumegawa mashamba makubwa upande wa Moi's Bridge mpaka magoti yangu yamezeeka kuniliko. Nyumba yako pale shuleni anakaa mwalimu wa Kemia. Amepaka mlango rangi ya kijani. Kuku wako watatu Baba aliwachukua, na yule mwekundu bado anataga nje ya kiota kwa ukaidi. Namba yako ya simu sijaifuta. Najua haina maana. Imekaa tu hapo, kati ya fundi wa baiskeli na kanisa.

Sasa nieleze, maana ungeniuliza, "Ulifikiri ulifanya nini hasa?"

Nimefungua shajara. Jumamosi, tarehe 14 Agosti 2004. Nimeandika: "Bungoma kwa Shangazi. Mvua saa nane. Maharagwe na chapati. Nimempa ushauri kuhusu mipaka, amefurahi." Hayo tu. Lakini nakumbuka na mengine. Ulikuwa unasoma masta ya hesabu wakati wa likizo, shule zikifunguliwa unarudi kufundisha wasichana wako, na katikati ya hayo ulikuwa unanifundisha mimi, mtu wa kidato cha nne niliyepata D ya hesabu. Nilipokuuliza kwa nini mimi, ulisema, "Walimu wenzangu wanatikisa kichwa hata kama hawajaelewa. Wewe ukikwama, uso wako unakuwa kama wa ng'ombe aliyeona treni. Hapo najua nimeeleza vibaya."

Ulinianzia mbali. Uliniambia nifikirie shamba: mshale mmoja kuelekea mashariki, mmoja kaskazini, mmoja juu. Kwa hiyo mitatu unafika popote. Kisha ukaniambia niongeze wa nne, unaokutana na yote mitatu kwa pembe mraba. Nikasema huo haupo. Ukasema, "Haupo shambani. Kwenye karatasi upo." Kisha wa tano, wa sita, bila mwisho. Na bado, ukasema, urefu unapimika, pembe inapimika, na ukitembea kwa hatua zinazozidi kukaribiana huwezi kutumbukia shimoni. Pale unapoelekea pana ardhi. Hiyo ndiyo nafasi ya Hilbert. Hiyo sehemu ya mwisho niliipenda kuliko zote. Katika kazi yetu mashimo yako kila mahali.

Halafu ukachora mstari uliopindapinda nyuma ya karatasi ya mtihani, ukasema kwamba huo wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, ni mshale mmoja tu katika nafasi hiyo. Nilikaa na neno hilo wiki nzima. Hali ya chembe ndogo kama elektroni ni mshale wenye urefu wa moja. Kipimo ni mashine, wewe uliita opereta, inayopokea mshale na kutoa mshale mwingine. Kila jibu linaloweza kutoka lina mhimili wake, na kivuli cha mshale juu ya mhimili huo, ukizidisha urefu wake kwa wenyewe, ndio uwezekano wa kupata jibu hilo. Nikauliza kwa nini kuzidisha. Ukasema, "Kwa sababu vikizidishwa hivyo na kujumlishwa, lazima virudishe moja. Ile pembetatu ya kidato cha pili uliyoikimbia ndiyo hiyo, imekufuata mpaka huku."

Siku ile ya Agosti ulinieleza kwamba mashine peke yake haitoshi. Lazima useme pia inapokea mistari gani na inakataa ipi. Tukaliita hilo shamba la opereta. Ulikuwa na chembe iliyofungiwa kwenye mstari mfupi, na mashine ya kupima mwendo wake. Swali lilikuwa: pale mstari unapoishia, kushoto na kulia, tudai nini? Mimi nikajibu mara moja, kwa kiburi cha kazi: "Shangazi, mpaka ni mpaka. Weka sifuri pande zote mbili. Funga." Ukagonga meza, chai ikamwagika, ukasema, "Saveya amesema!"

Novemba tasnifu ikarudi. Msimamizi wako alikuwa ameandika kwa penseli kando ya sura ya tatu kwamba kwa shamba hilo mashine yako haistahili kuitwa kipimo, na kwamba kurasa zote zilizojengwa juu yake zimesimama hewani. Ulinipigia simu. Ulisema, "Zile sifuri zetu zimetuangusha, Wafula." Ulisema zetu. Nikajua unanihurumia. Sikulala vizuri. Katika shajara ya siku hiyo nimeandika neno moja, "Mimi," na kulipigia mstari.

Januari ukaanza kuvimba miguu. Februari wakasema ni figo. Mara tano nilikuja hospitalini nikiwa nimepanga sentensi yangu ya kuomba msamaha, na mara tano ulinitangulia kwa maswali ya bikoni na mvua na kama nimepata mchumba. Mara ya mwisho hukuuliza hata hayo, ulisema tu, "Niletee kalamu, hii imekufa." Nikakuletea. Nikaondoka. Sentensi yangu nikarudi nayo Kitale.

Siku ya tatu baada ya mazishi tuliketi nyumbani kwa ajili ya kunyoa nywele za matanga. Unajua inavyokwenda. Wembe ulipomaliza, mzee aliyeongoza akasimama, akauliza kama kuna mtu mwenye neno na marehemu, alitoe sasa, maana lisilotolewa siku hiyo kwetu limekwisha, halifufuliwi baadaye. Mama mmoja akasema ulikuwa na sufuria yake. Mwingine akasema mlikuwa hamsalimiani tangu harusi fulani, na amekusamehe. Mzee akauliza mara ya pili. Akauliza mara ya tatu, na alipozungusha macho nadhani yalisimama kwangu. Mimi nikatazama ardhi. Ningesema nini mbele ya watu wale? Kwamba nilikwambia uweke sifuri mbili? Nikameza.

Tangu siku ile sikukanyaga nyumbani. Hata Krismasi. Nilimwambia Baba tuna kazi nyingi, na wewe unajua hakuna saveya anayepima shamba Krismasi. Nilifikiri hivi: ulikufa ukiamini miaka yako imepotea, na aliyeipoteza ni mtoto wa kaka yako aliyejifanya mjuzi. Na sasa hata nafasi ya kulisema ilikuwa imefungwa.

Oktoba Madam Chebet alinipigia simu. Yule rafiki yako mzaliwa wa Kapsokwony, mwalimu wa Fizikia hapo shuleni kwako, mwenye kucheka kwa sauti ya juu. Alisema katika kusafisha stoo ya idara wamekuta katoni ya madaftari yako, na juu yake umeandika jina langu. Nikasema nitakuja. Sikuenda. Akapiga tena Desemba, akapiga Februari. Mara ya tatu alinikaripia: "Wewe kijana, hii katoni itazaa panya. Ama unakuja ama naileta hapo Kitale nikiibeba kichwani."

Nikaenda tarehe nne mwezi huu. Alinikalisha kwenye chumba cha walimu, hapakuwa na mtu mwingine, akanitazama toka kichwani mpaka viatuni. "Ndiwe Wafula? Mimi nilidhani ni profesa. Kila ukurasa Wafula, Wafula." Kisha akatoa madaftari, akayapanga mezani kama ulivyokuwa unayapanga mwenyewe, kwa tarehe.

Shangazi, ni hizo tarehe zilizoniokoa. Nisingeamini neno la mtu. Rasimu ya kwanza ya sura ya tatu umeiandika tarehe tatu Juni. Sifuri mbili zipo pale, kushoto na kulia, kwa mkono wako, umezipigia hata mduara. Juni. Mimi nilifungua mdomo wangu Agosti. Nilitoa shajara yangu mfukoni nikaiweka kando ya daftari, nikasoma hii, nikasoma ile, nikarudia. Madam Chebet akauliza kama nimepatwa na malaria.

Akafungua ukurasa wa jioni ile ile ya tarehe 14 Agosti, niliyolala kwako kwa sababu ya mvua. Umeandika: "Leo nimempima Wafula kwa swali la mipaka bila kumwambia jibu langu. Amesema sifuri pande zote, kama nilivyoandika mimi Juni. Basi ama tuko sawa wawili, ama ukoo wetu una kasoro." Nilicheka pale pale. Kisha sikuweza kuendelea kucheka, na Madam akaenda kutafuta chai, akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Kumbe ulikuwa unanipima tu. Na miezi hii yote mimi nilijipa ukubwa ambao hukunipa.

Lakini hilo lilikuwa nusu tu ya nafuu yangu. Nusu nyingine ilikuwa daftari la mwisho, la Machi mwaka jana, la hospitali. Linaanza kwa wino wa bluu unaofifia, na kutoka ukurasa wa nne wino ni mweusi. Kalamu niliyokuletea ilikuwa nyeusi, nimeangalia kwenye shajara, niliandika. Madam Chebet alinipitisha mstari kwa mstari, na nikikwama alikuwa anarudi nyuma. Nakueleza nilivyoelewa, nawe uone kama mwanafunzi wako anafaa.

Kila mashine ina mwenzi wake. Ukilinganisha mishale miwili kama kwenye mizani, kisha ukahamisha kazi kutoka upande mmoja kwenda wa pili, mwenzi ndiye anayeipokea. Ili majibu ya kipimo yawe namba halisi, na vivuli vyote vijumlishwe virudishe moja, mashine na mwenzi lazima wawe kitu kimoja: kazi moja na shamba moja. Kazi yao ilikuwa moja, hapo hukukosea. Mashamba ndiyo yaliyotofautiana. Kwa sifuri zako mbili, shamba la mashine lilikuwa dogo mno, na la mwenzi likawa kubwa mno. Yeye hadaiwi chochote mipakani, anapokea mstari wowote. Msimamizi wako aliona hilo.

Hapo nikamwambia Madam, "Hii naijua. Hii niliiona Kiminini." Kuna mzee kule aliyeogopa ugomvi na jirani. Tulipomwekea bikoni, yeye akajenga ua wake hatua mbili ndani ya mpaka, ati kwa usalama. Akadhani kujibana ndiko kutaleta amani. Msimu uliofuata jirani alilima mpaka kwenye ua, na kwa nini asilime, si ardhi imeachwa? Tulirudi, tukamwambia asogeze ua hadi kwenye bikoni. Mzee akakataa, akasema huko ni uchokozi. Alipokubali hatimaye, jirani alirudi nyuma hatua zile zile mbili, wakawa na mstari mmoja, na ugomvi ukaisha siku hiyo. Madam Chebet akaweka kikombe chini. "Na miaka yote hii mimi nafundisha hii kitu kwa shida," akasema.

Kwa hiyo ulisogeza ua. Ukaacha kudai sifuri mbili, ukadai sharti moja tu: mwisho wa mstari uwe sawa na mwanzo wake, uliogeuzwa kwa pembe fulani. Shamba la mashine likapanuka kidogo, la mwenzi likapungua kidogo, yakakutana. Na pembe unaichagua mwenyewe, kwa hiyo mashine halali si moja, ni nyingi zisizohesabika, moja kwa kila pembe ya duara. Chini ya hesabu umeandika: "Kwa hiyo sifuri mbili hazikuwa kosa la kutupwa. Ndipo pa kuanzia. Kosa lilikuwa kuishia hapo." Na kurasa zile zilizosimama hewani umezipitia moja moja, ukaweka alama: hii inabaki, hii inabaki, hii badilisha mstari wa pili. Karibu zote zinabaki.

Ulimaliza, Shangazi. Kitandani, na miguu imevimba, ulimaliza. Na mimi nilikuwa nimeketi kando ya daftari hilo nimekunja uso.

Nilitoka shuleni nikaenda moja kwa moja kwa Baba. Alikuwa anachambua mbegu za maharagwe kwenye ungo. Nikamwambia yote niliyoyameza siku ya kunyoa, nikiwa nimesimama, kama mtu aliyeshtakiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka maharagwe yakamwagika. "Ati wewe! Wewe wa D! Wewe ndiye uliangusha masta ya dada yangu? Nasimiyu mimi kaka yake mkubwa hakunisikiza hata siku moja, angekusikiza wewe, bana?" Nikamkumbusha kwamba neno lisilotolewa siku ile halifufuliwi. Akafuta macho. "Siku ile hutolewa ugomvi na malalamiko. Hili si neno. Hili ni ujinga. Ujinga husemwa siku yoyote."

Tukaokota maharagwe pamoja. Baada ya muda, bila kunitazama, akasema, "Krismasi nilikuwekea jogoo. Tulimla mimi na mama yako. Alikuwa mgumu." Nikamwambia pole, Baba. Akasema tutanunua mwingine.

Kuhusu tasnifu, nikuambie ukweli wote. Madam Chebet alipeleka nakala ya daftari kwa msimamizi wako Jumatano. Anasema aliisoma akiwa amesimama mlangoni, hakumkaribisha hata kuketi, alipofika mwisho akarudi mwanzo. Kisha akasema, "Ni sahihi. Yote." Kama chuo kinaweza kumpa shahada mtu aliyekwisha kufa, yeye mwenyewe hajui, ameahidi kuuliza. Mimi ningependa wakupe, nisikudanganye. Lakini wakikataa sitakasirika kama ambavyo ningekasirika mwaka jana. Karatasi ile ingesema kwamba unajua. Daftari limekwisha kusema.

Kuna ukurasa mmoja bado umenishinda. Ni ule wa tisa, unaothibitisha kwamba hakuna shamba lingine halali la mashine ile zaidi ya haya ya pembe. Kwamba hujasahau hata moja. Naona unachodai, sioni kwa nini lazima kiwe kweli. Madam Chebet amesema niende Bungoma kila Jumamosi nisiyo na kazi, na akaongeza kwamba ataniambia ukweli nikiwa mjinga. Nimeshakwenda jana. Tulifika mstari wa sita.

Nakuahidi hivi. Siku nitakayoweza kuuandika ukurasa huo wote bila kuchungulia daftari, nitakuja mpaka ulipolala, mchana, watu wakiwa wanapita, nikusomee kwa sauti. Nikikosea nitaanza upya kutoka juu. Sitaruka mstari, na sitatikisa kichwa kama sijaelewa.

Kwaheri, Shangazi. Miezi kumi na moja nililia kwa sababu ulikwenda hujui jibu. Leo, nikilia, nalia tu kwa sababu ulikwenda.

Mtoto wa kaka yako,
Wafula